Maharage ya Tuta la Bwawa

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mkulima wa kahawa huku milimani Mbinga. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Hata kulia nimechoka... Lakini mzigo huu nimeubeba peke yangu muda mrefu mno, leo nataka niutue.

Kijijini kwetu kulikuwa na bwawa dogo la maji ya kunywa, limezuiwa kwa tuta la udongo lililojengwa mimi sijavunja ungo. Enzi za ushirika, kijiji kizima kilitoka kufyeka majani pale, na ole wako upande hata shina moja la boga! Soko huria lilipoingia, kamati ya maji ilikufa kimyakimya. Kila mtu akawa na lake.

Malori ya kununua maharage yakaanza kufika. Kaka yangu Gallus akaliangalia lile tuta, akaona shamba. Akafyeka majani, akayapanga miraba, akachimba ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo ya kushika maji ya mvua yasichukue udongo. Mlimani, ngolo ni akili kubwa. Lakini kwenye tuta la bwawa? Maji yakituama mle yataenda wapi, kama si ndani ya tuta lenyewe?

Mama yetu alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya bwawa. Siku moja nilikwenda kumsalimia, nikaona maji yanachuruzika chini ya tuta. Pale palikuwa na unyevu siku zote, lakini maji yake yalikuwa safi. Safari hii yalitoka na tope...

Nilimwomba kaka afukie mashimo. Akasema nisiwe na wasiwasi, amekwenda mjini na mtaalamu wa maji amemruhusu, tena amemsifu.

Nikamsihi mama ahamie kwangu mpaka mvua ziishe.

"Mwanangu, kaka yako ameongea na mtaalamu," alinijibu. "Atanidanganyaje mimi niliyemzaa?"

Siku hiyohiyo alichukua jembe, akapanda tutani kumsaidia mkwewe, mke wa Gallus, kufukia mbegu. Yeye ndiye aliyetufundisha ngolo sisi sote wawili, mimi na Gallus.

Tuta lilikatika asubuhi ya mvua kubwa, mama akiwa jikoni anakoroga uji. Mimi nilisikia kishindo nikiwa shambani... Tulimpata mbali, amenasa kwenye mikahawa ya jirani. Kwa nini yeye, jamani?

Matanga yalipokwisha, nilikwenda mjini kumtafuta yule mtaalamu. Alikuwa mtu mpole. Alinipa pole, kisha akaniuliza Gallus ni nani. Hakuwahi kumwona.

Tuta lilibaki vipande viwili, huku na huku, na maharage yake yakakomaa vizuri. Gallus aliyavuna. Akaniletea kikapu, akakiweka mlangoni bila kuniangalia, akasema huo ni mgawo wa mama. Kisha akahamia Chiwanda, na hatujaonana tena.

Sikuyapika. Kuyatupa nako nilishindwa, maana mbegu nyingine alizifukia mama kwa mkono wake. Yakakaa pale kwenye kikapu mpaka yakabunguliwa yote.

Ndugu zangu, kama kwenu kuna tuta la bwawa lililosahaulika, nawaomba msilime juu yake. Na mkiambiwa mtaalamu amekubali, msitosheke na neno la ndugu yenu. Nendeni mkamuulize mwenyewe, mapema, kabla ya mvua. Mimi nilikwenda kumuuliza nikiwa nimevaa nguo nyeusi.