Kitufe cha Chiriku

Taa ziliwaka kabla fundi redio hajatia betri kwenye kitufe.

Alikigeuza, akachungulia tumboni mwake. Tupu. Akajiambia ni waya tu zimegusana, akaendelea kukaza skrubu. Binti yake, waliyembandika jina la Chiriku kwa kupenda kwake kuongea, alikuwa kitandani na plasta kwenye mguu uliovunjika, na baba alikuwa amemwahidi kitufe kisicho na waya, aziwashe na kuzizima taa za sikukuu pale dirishani bila kuinuka.

Alipokabidhiwa, Chiriku alishangilia mpaka akapaliwa. Bonyeza, nyekundu! Bonyeza, buluu!

Jioni mama yake aliingia, akakikuta kitufe sakafuni kwenye kona ya mbali. Taa zilikuwa zinawaka na kuzimika.

"We mtoto, unaziwashaje?"

"Si mimi, mama," Chiriku alinong'ona. "Ni huyu wa chini ya kitanda. Anasema kila nikibonyeza namwita. Nikiacha kumwita, atanivunja na mguu huu mwingine."

Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Fundi alikuja mbio, akachomoa betri, akang'oa waya ukutani, akakiponda kitufe kwa nyundo, na bado zile taa ziliwaka, zikififia na kukolea kama kifua cha mtu anayepumua, huku mkwaruzo wa kucha ukipanda polepole kwenye mbao za kitanda, ubao baada ya ubao, hadi ukafika usawa wa kichwa cha mtoto.

Kesho yake mchana akaja mganga. Alishusha mapazia, akafunga mlango kwa komeo, akaamuru wakae kumzunguka mtoto, washikane mikono, wafumbe macho, wala mtu asimwachie mwenzake.

"Toka!"

"Nimeitwa," ilijibu sauti nzito kutoka chini yao. "Sitoki mikono mitupu."

Fundi akahisi mkewe anambana mkono wa kushoto, naye akambana vilevile, akashukuru kimoyomoyo kwamba hayuko peke yake, huku kitanda kikitikisika na balbu zikipasuka moja moja dirishani na ile harufu ikiwajaa kooni mpaka pumzi zikakatika.

Kisha kimya.

"Ameondoka," mganga alisema, akafungua pazia.

Chiriku alikuwa amelala fofofo. Fundi akageuka kushoto amkumbatie mkewe. Hapakuwa na mtu.

Mlango ulikuwa unagongwa.

"Nifungulieni jamani!" mkewe alilia kutoka nje, sauti imemkauka. "Nagonga tangu mganga aingie!"

Fundi aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umeshikwa.