Weka Tu, Roho Yangu

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika kama ilivyo desturi yake kila Jumamosi. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akiamini kwamba shida yake ndiyo kubwa kuliko za wenzake. Binti mmoja mwenye kilemba cha rangi ya machungwa alikuwa amekumbatia roli la kebo ya mtandao, jasho likimtiririka mgongoni. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, asiye na haraka yoyote duniani. Alikuwa anajaribu maikrofoni.

"Moja, mbili. Moja, mbili," alisema, na sauti yake nzito ikatoka kwenye spika zote za duka. "Dada aliye nyuma yangu amekunja uso. Namwomba aukunjue, maana uso wenyewe ni mzuri."

Duka zima likaangua kicheko. Binti akatamani ajifunike kwa lile roli.

"Wewe bwana, nunua uondoke. Wengine tuna kazi."

"Kazi gani hiyo ya kukumbatia kebo?"

"Ya kuwaunganisha watu wasioweza kujiunganisha wenyewe."

Mwanamume akaiweka maikrofoni chini polepole. "Basi niunganishe na mimi."

Alimjibu kwa msonyo, akalipa, akaenda zake. Lakini njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Jumatatu, binti yule, Fundi (hivyo ndivyo alivyoitwa na kila ofisi aliyoitunzia seva, ile kompyuta mama ya mafaili) alipanda ngazi za studio ndogo ya kurekodi matangazo na vitabu vya kusikiliza, mmoja wa wateja wake wa siku nyingi. Na mrekodi mpya alikuwa nani kama si yule yule wa Jumamosi! Wenzake walikuwa wameshampachika jina la Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Tangu siku hiyo kompyuta ya Kasuku ikawa mgonjwa asiyepona. Kila baada ya saa mbili simu ya Fundi ililia.

"Folda ya pamoja imekataa kufunguka."

"Umeandika nywila sawasawa?"

"Nimeandika jina lako."

"Ndiyo maana imekataa. Jina langu haliandikwi ovyo."

"Na hiyo programu yako inayogawa mafaili, umesema inaitwaje?"

"Samba."

"Nilidhani ni ngoma. Sasa tutaicheza lini?"

Fundi alikuwa akicheka kule chini, kwenye chumba cha seva cha studio, mpaka anasahau amri aliyokuwa akiiandika. Yeye aliyezoea kuzungumza na mashine za Linux kutwa nzima, mashine ambazo zikikasirika husema wazi zimekasirikia mstari upi, alijikuta amempenda mtu asiyesema jambo lolote bila kulizungusha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda bosi mwenyewe akaanza kumuuliza, "Leo umekuja kutengeneza nini, Fundi, kompyuta au Kasuku?"

Kasuku alimpeleka kwa mama yake. Mama alikuwa msusi, mwanamke aliyesuka vichwa vya nusu ya mtaa, lakini sasa kifua kilikuwa kimemlaza na sauti yake ikipungua wiki hata wiki. Mchana muuguzi mmoja mpole alikuja kumhudumia. Jioni mwanawe aliketi kando ya kitanda na kinasa sauti cha studio, akimwomba asimulie lolote: alivyoolewa, alivyoachika, nywele za nani zilikuwa ngumu kama waya.

"Za huyu," mama alisema, akimvuta Fundi aketi miguuni pake. "Mtoto ana nywele za ukaidi. Njoo hapa, mkwe wangu, nikutengeneze. Huyu kasuku wako atakuacha uende barabarani hivyo hivyo."

Mkwe. Hakuna aliyemsahihisha. Vidole vilivyotetemeka vikashika kichwa cha Fundi, na akajihisi ana kwao kwa pili.

Kisha ikaja siku ya matengenezo. Fundi alikuwa amewatangazia wote studioni: seva itazimwa mchana, mtu asiiguse folda ya pamoja mpaka yeye mwenyewe aseme. Akaifanyia Samba mabadiliko, akaiwasha, ikakataa kuamka. Alihangaika nayo hadi shingo ikauma, kumbe katika mipangilio alikuwa amesahau mabano ya kufunga kwenye mstari mmoja. Akayarudisha. Programu ikaamka, taa za seva zikaanza kupepesa, na palepale simu ikalia.

"Roho yangu, nimetoka kwa mama," Kasuku alisema. Hakuwa na mzaha hata kidogo. "Leo kaongea mpaka nimeogopa. Kaongea kama mtu anayefunga mizigo. Nataka nihamishie sauti zake zote kwenye folda yetu sasa hivi, kinasa kinatakiwa na mteja kesho. Niweke?"

"Umekula lakini?"

"Usinibadilishie mada. Niweke?"

Angesema subiri. Lakini alikuwa amechoka kugombana na mashine, na sauti ile ilimlainisha siku zote, na seva si ilikuwa imeshaamka?

"Weka tu, roho yangu," akasema.

Kasuku akaweka. Aliona kwa macho yake mafaili yakijipanga moja baada ya jingine, akakifuta kinasa sauti kiwe tayari kwa mteja. Ndipo Fundi, akiwa bado kwenye kiti chake kule chini, akaiunganisha kila kompyuta ya studio na seva, akafagia takataka zote zilizojaa kwenye folda ya muda, akaenda nyumbani ameridhika.

Mama alifariki wiki ileile.

Baada ya maziko, ndugu wakiwa bado wamejaa nyumbani, dada wa marehemu akaomba wamsikie japo kidogo. Kasuku akaja studioni kuzichukua. Akafungua folda. Akatafuta. Kisha akashuka ngazi, akasimama mlangoni mwa chumba cha seva na nguo zake za msiba.

"Sauti za mama haziko."

"Haziwezi kukosekana. Ngoja." Fundi akatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa ukubwa. Hazikuonekana. "Kasuku… siku ile nilifagia folda ya muda. Labda ulizitupia humo."

"Labda?"

"Sijui. Huenda."

"Na nakala za akiba?"

"Huwa zinafanyika usiku. Nilifagia jioni."

"Nilikuuliza niweke. Nilikuuliza mara mbili!"

"Najua."

"Ukasema weka tu."

"Najua, mpenzi wangu, nisamehe, nitaitoa diski, kuna njia za kufufua…"

"Kufufua!" Alicheka kicheko kibaya. "Juzi nimemzika mama. Leo umenizikia tena. Usinifuate."

Fundi alimpigia simu asubuhi, mchana na jioni. Mara moja tu ilipokewa, na aliyepokea alikuwa mama mdogo. "Mwanangu, mwache kwanza. Moyo wake umefunga." Fundi akamwacha. Na hapa ndipo wapendanao wengi wanapojiharibia: anayeambiwa amwache mwenzake kidogo humwacha moja kwa moja, kwa aibu, na anayeachwa huhesabu kwamba hakupendwa. Angekwenda akagonga mlango ule, hata kama angetukanwa. Hakwenda. Alijiona ni mhalifu, na mhalifu hapigi hodi msibani.

Badala yake aliing'oa diski ya seva, akaipitisha kwenye kila programu ya ufufuzi aliyoijua. Ikarudisha matangazo ya sabuni, vikohozi vya wasomaji, mlango uliofungwa vibaya. Ya mama, hata pumzi moja haikurudi. Maskini, alikuwa anachimba shamba ambalo hakuna aliyepanda.

Kasuku akaacha kazi studioni. Msimu ukapita, na mwingine. Siku moja bosi akasema, bila kumtazama, kwamba Kasuku amemchumbia yule muuguzi aliyekuwa akimhudumia mama yake. Fundi akasema, "Hongera zake," akashuka chini, akasahau alichokuwa amepandia juu.

Kisha studio ikahamia jengo jingine, na Fundi akaitwa kuzima mitambo. Aliizima seva kwanza. Ndipo akapanda juu, akaiwasha kompyuta ya zamani ya Kasuku, ili aisafishe kabla haijagawiwa. Kwa mazoea tu akafungua folda ya pamoja, akijua itakuwa tupu, maana seva imezimwa.

Haikuwa tupu.

*Mama, ndoa. Mama, wateja. Mama, wosia.*

Akavuta kiti, akakaa. Akaelewa yote mara moja, tena jambo lenyewe ni la kufundishwa mwanagenzi siku ya kwanza! Folda ya seva haikai ndani ya kompyuta ya mtu. Hutandikwa juu ya folda tupu, kama mkeka juu ya sakafu. Siku ile seva ilikuwa imeamka, lakini kompyuta hii alikuwa bado hajaiunganisha. Mkeka ulikuwa haujatandikwa. Kasuku akaweka sauti za mama yake sakafuni. Fundi akaja akatandika juu yake. Na tangu hapo mkeka haukuwahi kuinuliwa mpaka leo seva ilipozimwa, wala yeye hakufikiria kuuinua, kwa kuwa alikuwa ameshajihukumu.

Alipiga simu. Iliita sana.

"Haloo?"

"Ni mimi. Sauti za mama zipo."

"Sema tena."

"Zipo, zote. Hazikufutika. Njoo studio ya zamani."

Alikuja akiwa amepungua mwili, amevaa shati la kijivu lililopigwa pasi vizuri, na Fundi akajua kwamba ile si pasi yake. Hawakushikana mikono. Fundi alimweleza habari ya mkeka na sakafu, na yeye akatikisa kichwa tu, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta. Walivaa kila mmoja visikizi vyake, na Fundi akabonyeza.

Kitanda kililia. Mtu akakohoa.

*"Hicho kidude kimewaka? Haya. Leo nakusema wewe. Huyu binti wa waya, usimchezee. Mkigombana, anza wewe kuomba radhi, hata kama kosa ni lake. Nakujua, nimekuzaa: una mdomo mrefu na subira fupi. Utafukuza mtu, halafu ukae unalia. Na mimi sitakuwepo wa kukupeleka kwao kwa mkono. Umesikia? Itika basi, mbona unalia?"*

Na sauti ya Kasuku mwenyewe, ya siku ile, ikaitika: *"Nimesikia, mama."*

Akavua visikizi. Aliangusha kichwa kwenye meza, akalia kama mtoto, mabega yakimtikisika, na Fundi akaukaza mkono wake usimguse.

"Nilimsikia," alisema hatimaye. "Nilimsikia kwa masikio yangu, nikamjibu. Na wiki ileile nikakufanyia vilevile alivyonikataza."

"Kosa lilikuwa langu. Nilikwambia uweke kabla sijakuunganisha."

"Hata kama ni lako. Hukusikia alivyosema?" Akainua uso. "Nisamehe. Nakuomba radhi, nimechelewa, lakini nakuomba."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa sijajisamehe mwenyewe."

Jua la mchana lilikuwa limejaa kwenye chumba kisicho na mapazia. Kasuku alikisogeza kiti.

"Ndoa bado. Nikienda nikazungumza naye…"

"Nani alimwogesha mama yako siku zile za mwisho?"

Kasuku akaukunja waya wa visikizi vyake.

"Na ulipokataa kula, nani alikaa na wewe mpaka ukala?"

"Yeye. Lakini sijakuuliza habari zake. Nakuuliza wewe. Bado unanipenda?"

"Usiniulize hilo."

"Nauliza."

"Nakupenda," alisema Fundi. "Sijawahi kuacha. Na yeye hakumkosea mtu yeyote. Amechukua kilichotupwa, akakitunza. Leo tumnyang'anye kwa sababu sisi tumeona tulichokuwa tumekifunika wenyewe?"

Akamnakilia sauti zote kwenye diski mbili, akazifungua moja moja kuhakikisha kila faili linalia mpaka mwisho, akamkabidhi. Kasuku alizipokea kwa mikono miwili. Akashuka ngazi.

Fundi alianza kukunja kebo. Simu yake ikalia juu ya meza.

"Niko chini, mlangoni," Kasuku alisema. "Sijatoka. Niambie nirudi, nitarudi. Neno moja tu."

Neno lilikuwa tayari kinywani, alilisikia utamu wake. Akashika ukingo wa meza kwa mkono uliobaki. Tangu wajuane alikuwa amemwita majina mengi, ya mapenzi na ya utani. Hili alikuwa hajalitumia hata mara moja.

"Kaka yangu," akasema. "Nenda nyumbani. Msalimie wifi."

Upande wa pili magari yalikuwa yakipita barabarani. Kisha ile sauti nzito, ambayo duka zima liliwahi kuisikia ikimsifu, ikatoka imekatikakatika.

"Zitafika… dada."

Mlango wa chini ukafungwa. Fundi akakaa sakafuni kati ya nyaya, akalia mpaka machozi yakamwishia, na hakuna aliyepanda ngazi.