Mahindi Yenye Homa

Lori lilikuwa limeshaondoka.

Scania nyekundu, magunia mpaka juu. Vumbi lake lilikuwa bado linashuka kwenye barabara ya Mlali, na aliyeliruhusu ni Mbaruku mwenyewe, ofisa wa usalama.

"Mahindi mabichi, mkubwa," dereva, Yahaya, alikuwa amemwambia. "Nawahi behewa Ihumwa kabla hayajaoza. Soko huria hili, ukichelewa umeliwa."

Mbaruku alilipitishia kamera. Mashine ya Kiswidi, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, na mwaka ule wa 1993 idara ilikuwa nayo moja tu. Haikupiga picha ya mwanga, ilipiga ya joto: cha moto cheupe, cha baridi cheusi. Mtoa habari alisema bunduki arobaini za kwenda kuangusha serikali ya jirani zimo Mlali, na mlinzi wake amelala nazo. Basi Mbaruku alitafuta joto la mtu.

Mzigo wote ulikuwa mweusi tii.

"Pita."

Sasa kamera ilitazama kaya iliyo kando ya barabara. Uani palikuwa na kihenge cha nafaka, cha udongo.

Cheupe pee.

"Tai kwa Kiota," alisema kwenye redio ya Motorola. "Nimempata."

"Una hakika?" Anitha, ofisa mwenzake, aliuliza kutoka stesheni ya Ihumwa.

"Mashine haidanganyi."

Bastola mkononi. Teke la kwanza, udongo ukapasuka. La pili, kihenge kikalala ubavu.

Mahindi yakamwagika. Yakaendelea kumwagika, yakifuka mvuke kwenye baridi ya asubuhi.

Hakutoka mtu.

Mbuzi walishafika. Mlangoni mwa nyumba ya tembe alisimama bibi kizee, Ruthu, mjane, kitenge mabegani.

"Hata shikamoo hukunipa," alisema. "Umeanza na teke."

Mbaruku alizaliwa Dodoma mjini, akafundishwa salamu kabla ya kufundishwa kula.

"Bibi, kilikuwa na joto..."

"Mahindi mabichi yana homa, mwanangu. Niliyavuna mapema, ngedere walikuwa wanayamaliza. Kila asubuhi natia mkono. Yakizidi moto, nayaanika. Ungeniuliza. Au kwa kuwa mkono wangu haukusoma Ulaya?"

Mashine haikudanganya. Ilisema moto. Aliyesema mtu ni yeye.

Homa.

Mahindi mabichi, gunia juu ya gunia, na mzigo baridi kama jiwe?

Alikimbilia Land Rover. Kwenye kioo alimwona bibi amepiga magoti, anaokota punje mbele ya mbuzi. Aibu, ndugu yangu, hupanda gari na wewe.

"Kiota! Scania nyekundu. Zuia behewa."

"Si ulisema umempata?"

Mbaruku alikanyaga mafuta.

"Nilikosea."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko kamera.

Ihumwa, Yahaya alikuwa anafungua turubai.

"Mkubwa! Umenifuata na ile televisheni yako?"

Mbaruku aliiacha kamera garini. Alichana gunia, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Baridi. Makavu.

"Haya ndiyo mabichi?"

Mkono wa Yahaya ulienda kiunoni. Bastola ya Anitha ilishafika shingoni kwake.

"Jaribu, kaka."

Hakujaribu. Safu ya tatu, chini ya magunia: masanduku, grisi, bunduki arobaini. Mlinzi alikuwa dereva mwenyewe.

"Niandike kamera imetuokoa?" Anitha aliuliza.

"Andika bibi wa Mlali."

"Idara haina fomu ya bibi."

Mbaruku aliliacha gari, akaondoka kwa miguu, taratibu, hakugeuka. Waliomwona walidhani ni maringo, kumbe ni aibu.

Yahaya alifungwa miaka ishirini. Waliomtuma walivuka mpaka, hawakupatikana. Anitha alipandishwa cheo. Kamera iliharibika mwaka uliofuata, spea zikakosekana. Mbaruku alirudi Mlali Jumapili ya wiki ile ile ya msako, na magunia matatu ya mahindi makavu.

"Shikamoo, bibi."

Ruthu aliyapokea magunia.

Shikamoo hakuipokea.