Kibandiko Juu ya Taa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyo na mbadala: kupanga trei za mayai nyuma ya gari na kuchomeka magunia makuukuu katikati ili zisigongane. Baba yake alikuwa muuza mayai. Aliyachukua kwa wafugaji, akayasambaza madukani, na njiani akamshusha binti yake shuleni. Chiriku si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo, maana mtoto yule aliamka akiongea na kulala akiongea, na siku akiota ndoto nzuri aliongea hata usingizini.

"Funga mkanda, mheshimiwa msemaji," baba alimwambia kila siku, na safari ikaanza.

Gari lenyewe baba alilinunua jipya kabisa, baada ya miaka mingi ya kubeba mayai kwa baiskeli. Wiki za mwanzo alilifunika shuka kila jioni, majirani wakaliita Bi Harusi, na jina likaganda. "Nimechoka na vitu vilivyochokwa na wenzangu," baba alisema kwa furaha. "Hili ni jipya, tena lina waranti. Likiharibika kabla muda wake haujaisha, waliotuuzia watalitengeneza bure."

Kumbe! Bi Harusi hakumaliza hata fungate. Taa ya manjano iliwaka mbele ya usukani, na gari likawa linashtukashtuka kwenye kila mlima kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Mayai yakapasuka. Baba akalirudisha kwa waliomuuzia, wakachomeka kompyuta yao, wakaizima taa, wakamwambia, "Tayari, mzee, nenda salama." Wiki haikwisha, taa ikawaka tena. Akalirudisha, wakabadilisha kidude fulani, na kwikwi ikarudi palepale. Nyumbani walikula mayai yaliyopasuka mpaka wakayakinai. "Karibuni, leo tena tunakula gari," mama alisema akiweka sahani mezani. Wote walicheka, ingawa baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha waranti ikaisha, ila kwikwi haikuisha. Safari hii waliomuuzia walimtajia bei iliyomfanya arudi nyumbani bila hata salamu.

"Ubovu ni uleule!" alimwambia mama. "Wamekuwa nao mikononi mwao muda wote, wakaupapasapapasa tu. Jana ulikuwa wao, leo umekuwa wangu. Hivi huu ni uungwana?"

Chiriku alikuwa anakula tufaha pembeni. Kwa hasira baba akabandua kile kibandiko kidogo kilichokuwa kwenye tunda, akaenda garini, akakibandika juu ya taa ya manjano. "Haya," alisema. "Nimeitengeneza mwenyewe, bila kompyuta."

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Kila aliponunuliwa tunda lenye kibandiko, alikiweka kwenye kioo kinachofunika taa za mbele ya usukani, hapa kimoja na pale kimoja, mpaka Bi Harusi akawa amejipamba kwelikweli.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni fundi wa mtaani kwao, mwenye karakana ya mabati kwenye kona ya barabara. Watu walimwita Fundi Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha akaharakika. Jumamosi moja, baada ya kumbadilishia baba oili ya injini, alivitazama vile vibandiko akatikisa kichwa.

"Bwana Mayai, taa ni mdomo wa gari. Usilizibe mdomo. Niachie siku mbili tatu niitafute hiyo kwikwi inakotoka."

"Nikikuachia gari siku tatu, mayai nitayabeba kichwani?" baba alimjibu. "Acha tu. Hiyo taa ni ya uongo, nimeshaizoea."

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya mdahalo shuleni, na Chiriku ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa darasa lake. Mwalimu alikwishatangaza kwamba atakayechelewa, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Asubuhi hiyo Chiriku alimhimiza baba apite njia ya mkato, ile yenye mawe. Baba akakubali. Walipofika katikati, kitu kiligonga chini ya gari. Kong'!

"Jiwe tu hilo," alisema baba, akaendelea.

Mbele kidogo walisimama kwenye duka la kwanza. Baba alishuka na trei zake akaiacha injini ikiunguruma, kama alivyozoea. Chiriku alibaki peke yake akinong'ona hotuba yake. Ndipo alipoiona. Taa nyingine iliwaka mbele ya usukani, na hii haikuwa ya manjano. Ilikuwa nyekundu, yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone.

Chiriku hakujua maana ya lile birika, lakini alijua kwamba nyekundu si manjano. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Alijua pia kwamba baba akiiona atazima gari, atafungua boneti, atainama, atakuna kichwa, na mdahalo utaanza bila msemaji mkuu. Alitazama dukani. Baba alikuwa bado anahesabu trei na mwenye duka. Mkono wa Chiriku ukaenda kwenye kibandiko kilichokuwa pembeni ya kioo, ukakibandua, ukakibandika juu ya ile taa nyekundu. Alijiambia kwamba labda nayo ni ya uongo kama mwenzake.

Baba alirudi, akaketi, akaondoa gari. Vibandiko alikuwa amevizoea, hata havitazami.

Chiriku alifika kwa wakati. Alizungumza siku ile, wewe! Maneno yalimtoka mpaka walimu wakapiga makofi, na darasa lake likashinda. Lakini alipofika nyumbani mchana, akiwa na habari zake tele mdomoni, alimkuta Bi Harusi uani, kamba ya kuvutia ikiwa bado imefungwa mbele. Baba alikuwa amekaa kwenye kreti tupu. Mama alimpa Chiriku ishara asiseme kitu.

"Injini imekufa," mama alimweleza jikoni. "Imeishiwa oili katikati ya mlima, ikajisaga yenyewe. Baba yako alikwenda moja kwa moja kwa waliomuuzia. Wamemwambia waranti imeisha, na hata ingekuwepo, gari limeshaguswa na fundi wa nje. Wamemfungia mlango hivyo."

Chiriku alikwenda garini kama anayetafuta kitabu chake. Kibandiko kilikuwa palepale. Alikibandua kwa ukucha, akakitafuna, akakimeza. Ndiyo, alikimeza, maana aliogopa hata kukitupa.

Jioni hiyo hasira ya baba ilipata pa kutua. "Ni Taratibu!" alisema ghafla. "Juzi tu amebadilisha oili. Hakukaza nati ya chini, oili yote ikamwagika njiani. Wote walewale tu, wakubwa kwa wadogo!"

Sasa, muuza mayai si mtu wa kumwambia jambo likabaki nyumbani. Kila duka alilopeleka mayai, safari hii kwa baiskeli yake ya zamani, baba aliliacha na trei zake na habari ya Fundi Taratibu. Wenye maduka wakawaambia wateja, wateja wakaambiana. Fundi alipomfuata akimwomba, "Bwana Mayai, niruhusu niingie chini ya gari nitazame," baba alimjibu, "Umekwishatazama vya kutosha." Muda si mrefu karakana ya kwenye kona, iliyozoea kuwa na magari yakisubiri zamu, ikawa na fundi mwenyewe tu, amekaa anafuta spana zilizokuwa safi tayari.

Chiriku aliipita karakana hiyo kila siku akienda shule kwa miguu. Fundi alimpungia mkono kama kawaida, naye akaangalia chini. Siku moja alimsikia dereva wa basi la shule akizungumza na mlinzi getini.

"Ilikuwa tumpe Taratibu basi hili awe analihudumia," dereva alisema. "Mzee wa watu alifurahi mpaka akapaka karakana rangi. Lakini mwalimu mkuu amesikia habari za gari la mayai. Amesema hawezi kuweka watoto mikononi mwa mtu asiyekaza nati. Basi limepewa fundi mwingine."

Siku hiyo Chiriku hakunyoosha mkono darasani hata mara moja. Nyumbani alikula kimya, akaosha vyombo kimya. Mama alimshika paji la uso. "Huna homa," alisema. "Na mtoto wangu hanyamazi bila homa. Una nini, mama?"

"Sina kitu," alijibu Chiriku.

Jumamosi Fundi Taratibu alikuja mwenyewe nyumbani kwao. Alikuwa amevaa shati safi, lile la kwendea mahali pa heshima. Alibisha hodi, akakataa kiti.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu. Sijawahi kuomba kitu kwa mtu, ila leo nakuomba. Niingie chini ya gari, wewe ukiwa umesimama hapa. Nikikuta nati imelegea, nitafunga karakana kwa mkono wangu."

"Ufunge tu," alijibu baba bila kumtazama. "Kwani injini itafufuka?"

Fundi aliinamisha kichwa. Chiriku, aliyekuwa mlangoni, alimwona akigeuka kuondoka, na hapo hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, si yeye!" alipaza sauti. "Ni mimi! Taa nyekundu iliwaka, ile ya birika, ulipokuwa dukani. Nikaibandika kibandiko. Nilitaka kuwahi mdahalo. Kisha nikakibandua usijue. Nisamehe, baba. Babu Fundi, nisamehe!"

Akalia kilio cha kutoka tumboni. Mama alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Baba alimtazama mtoto, akamtazama fundi, mdomo wazi.

"Iliwaka lini?" fundi aliuliza kwa upole. "Kabla ya kufika dukani kulitokea nini?"

"Jiwe. Tulipita njia ya mkato. Mimi ndiye niliyeomba."

Baba alichukua gunia, akalitandika chini ya Bi Harusi, akamsogezea fundi. Wakaingia wote wawili. Nati ilikuwa imekazwa barabara. Mbele yake kidogo, bakuli la chini la kuhifadhia oili lilikuwa limebonyea, na katika ule ubonyeo palikuwa na ufa mrefu.

Baba alitoka chini ya gari na vumbi kichwani. "Nililisikia jiwe lile," alisema taratibu. "Nililisikia kwa masikio yangu nikasema si kitu. Na huyu mtoto nimemfundisha mimi kuziba taa." Akamgeukia fundi. "Mzee wangu, nimekukosea. Waliniudhi watu wengine, nikakulipiza wewe."

Chiriku alingoja kuchapwa. Hakuchapwa. Kesho yake baba alimwambia apande nyuma ya baiskeli, wakazunguka duka kwa duka. Katika kila moja baba alivua kofia na kusema, "Niliwaambia uongo kuhusu Fundi Taratibu. Gari liliharibiwa na jiwe na uzembe wetu." Kisha Chiriku naye akasema sehemu yake. Yule bingwa wa mdahalo hakuwahi kupata hotuba fupi kama ile wala ngumu kama ile. Wengine waliwasikiliza wakasema ahsante. Wengine walicheka. Mwenye duka mmoja alisema, "Basi alikuwa anakaza nati kumbe! Lakini mimi nimeshahamia kwa fundi mwingine, na ameshanizoea."

Bi Harusi aliuzwa hivyohivyo kwa mtu wa kununua vipuri, kwa bei ya kusikitisha, na baba akarudi kwenye baiskeli yake moja kwa moja. Magari yalianza kurudi karakana, moja leo, jingine wiki ijayo. Shuleni walikwenda pia. Mwalimu mkuu aliwasikiliza, akaomba radhi, ila mkataba wa basi ulikuwa umekwishatiwa sahihi kwa mwaka mzima.

Waliporudi kumweleza fundi, aliweka spana chini. Kisha akamwita Chiriku akae karibu naye kwenye benchi.

"Mjukuu wangu, kusema umesema, na nakushukuru," alimwambia. "Wapo watu wazima ambao wangenyamaza mpaka leo. Lakini ungesema pale dukani, tungeziba ufa wa bakuli tu. Ungesema jioni ile, ingekuwa hasara ya injini peke yake. Ulipochelewa, ikawa jina langu. Injini ikifa, mtu atatafuta nyingine. Jina la mtu halina spea, mjukuu wangu. Ukijua jambo la kweli, liseme lingali dogo."

"Nimesikia, babu," alijibu Chiriku.

Wakati huo basi la shule lilipita mbele ya karakana, likielekea kwa fundi mwingine. Dereva alipiga honi. Fundi Taratibu alimpungia mkono kama siku zote, akaendelea kulitazama mpaka likakata kona.