Mkimbio Usiokuwapo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ukuta alitia mpira ndani ya soksi kuukuu, akauning'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaanza kuupiga kwa gongo lake. Tok! Mpira ulikwenda, ukarudi. Tok! Ndani ya nyumba, cherehani ya mama yake ilikuwa imeshaanza kukimbia juu ya sare za watoto wa watu.

"We mtoto!" mama aliita kutoka dirishani. "Hiyo kamba ikikatika, shuka zangu utazifua wewe na huyo mpira wako."

"Haikatiki, Mama. Naupiga kwa adabu."

Jina la Ukuta alipewa na wachezaji wenzake wa kriketi. Katika mchezo huo, mrushaji huutupa mpira kwa nguvu ili aangushe vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, na kumrushia msichana huyu ilikuwa sawa na kuurushia ukuta. Shule zote za jirani zilimjua. Hata hivyo, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tano ilikuwa imempita mara mbili. Mara ya kwanza wateuzi walisema bado mdogo. Mara ya pili walimchukua kama mchezaji wa akiba, wakampa jezi, na safari ya mashindano ilipokaribia wakamwita mwingine. Jezi aliirudisha mwenyewe, imefuliwa na kupigwa pasi. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne. Mchujo wa safari hii ukimpita, basi tena.

Rafiki yake, Umeme, alikuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja, na mbio zake hazikuwa na mpinzani. Walizoea kupiga pamoja, mmoja upande huu, mwenzake upande ule. Mpira ukipigwa, wote wawili hukimbia kubadilishana pande ili wapate mkimbio; vijiti vya upande anaoukimbilia mtu vikigongwa kwa mpira kabla hajafika, anatolewa. Aliyepiga ndiye huita "Njoo!" au "Kaa!" Umeme hakuwa na desturi ya kugeuka kuutafuta mpira. Ukuta akimwita, alikwenda.

Siku chache kabla ya mchujo, mpira ulidunda vibaya mazoezini, ukakibana kidole gumba cha Ukuta kwenye mpini wa gongo. Aliona nyota mchana kweupe.

"Umeumia?" aliuliza Kocha. Alikuwa fundi wa matairi, na alikuja mazoezini na mikono yake bado ina weusi wa kazi.

"Hata kidogo, Kocha."

"Vua glovu nione."

"Sina kitu, Kocha. Tuendelee."

Kocha alimwamini, maana hakuwahi kumsikia akidanganya.

Baadaye, kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, glovu ilivuliwa. Kidole kilikuwa kimevimba hadi ngozi inang'aa. Umeme alijiziba mdomo.

"Hiki kimevunjika! Twende kwa Kocha."

"Thubutu! Nikisema wananitoa. Wewe una mwaka mwingine, mimi sina. Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Umeme alitazama chini. "Haya. Mimi simo."

Nyumbani, mama alipomwona anashika kalamu kwa shida, aliambiwa kwamba ni mlango uliombana. Akataka wapite hospitali. "Kimeshapoa, Mama, tazama," Ukuta alisema, akakikunja kidole huku ameuma meno.

Siku ya mchujo, wateuzi walikaa kwenye viti vya plastiki ukingoni mwa uwanja. Mkuu wao, mwanamke mrefu aliyewahi kuichezea timu ya taifa, hakutabasamu na mtu. Ukuta na Umeme wakaingia kupiga. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Warushaji walikuwa wa polepole, na Ukuta aliupitisha mpira katikati ya watu kama anayechomeka uzi tunduni. Mikimbio ikaongezeka. Kocha alianza kupiga makofi.

Kisha akaletwa mrushaji wa kasi. Mpira wake wa kwanza ulipogonga gongo, maumivu yalipanda kutoka kidoleni hadi begani. Wa pili ulimtoa machozi. Ukuta alitaka kitu kimoja tu: atoke upande ule, ampelekee mwenzake mrushaji yule. Mpira wa tatu aliugusa tu, ukabingirika hatua chache na kusimama karibu kabisa na mdakaji aliyekuwa akiusubiri. Mkimbio haukuwapo. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba haukuwapo.

"Njoo!" Ukuta alipaza sauti, akaanza kukimbia.

Umeme alikuja, kichwa chini, bila kuuliza. Alikuwa bado katikati ya njia mdakaji alipouokota mpira na kuvipiga nao vijiti ambavyo Umeme alikuwa akivikimbilia. Akatolewa.

Alisimama akamtazama Ukuta. Alijua kwa nini ameitwa. Aliliweka gongo kwapani akaondoka.

Mpira uliofuata, gongo lilimponyoka Ukuta mkononi na vijiti vyake vikaanguka. Kocha alipomvua glovu, kidole kilikuwa cha zambarau.

Hospitali ilithibitisha kwamba mfupa umevunjika. "Ungekuja siku ileile tungeunyoosha vizuri," alisema daktari huku akifunga plasta. "Sasa utapona, ila utabaki umepinda kidogo."

Majina yaliposomwa, hawakuwamo wote wawili. Kocha alileta na maneno ya mteuzi mkuu: "Yule mwenye mbio hana akili ya mchezo. Anakimbilia mpira uliosimama."

Ukuta aliyasikia akiwa amekaa kwenye benchi la gereji ya Kocha. Aliumia kuliko alivyoumia kidole. Akamweleza Kocha kila kitu, tangu mazoezini hadi mlango usiombana mtu, kisha akaomba apelekwe kwa mteuzi.

Mteuzi mkuu alimsikiliza akiwa amesimama. "Kwa hiyo kosa lilikuwa lako?"

"Ndiyo, Mama. Yeye aliniamini tu. Tafadhali mrudisheni."

"Timu imeshatangazwa, mwanangu. Siwezi kumtoa mtoto mwingine asiye na kosa. Mwakani nitamtazama upya. Wewe umri utakuwa umepita. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa kina Umeme, akamkuta anaosha vyombo uani. Alimwomba msamaha, akamweleza aliyosema mteuzi.

"Asante kwa kusema," Umeme alijibu, bila kuacha kusugua sufuria. "Nimekusamehe. Lakini mwakani nitapiga na mtu mwingine. Ukiniita tena, nitageuka kwanza kuangalia mpira, na mimi siwezi kukimbia nikiwa nageuka."

Ukuta alirudi nyumbani akilia. Mama yake alizima cherehani, akamsogezea kigoda, akamwacha alie mpaka alipotulia.

"Mama, nimesema ukweli wote. Mbona hakuna kilichorudi?"

"Kidogo kimerudi. Mwenzako haitwi tena mjinga, na mwakani atatazamwa. Ungenyamaza, hata hilo lisingekuwapo." Mama aliushika mkono wenye plasta. "Ugonjwa ukiusema mapema, unakuwa wako na daktari. Ukiuficha, unawagawia na wasiohusika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha, mwanangu, akaumbuka mwenzako."

Mwaka uliofuata, Ukuta alisimama ukingoni mwa uwanja, kidole chake kimepona na kupinda, akamshangilia Umeme akikimbia na msichana mwingine. Siku hiyo Umeme alichaguliwa.