Maneno Arobaini

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mwanakheir na Mwanapili walikaa barazani kwa kina Mwanakheir, mtaa wa Kikwajuni, wakifanya kazi za skuli. Mwanapili alitoka kisiwa cha Tumbatu, akawa anaishi kwa shangazi yake, nyumba ya pili. Alipofika mjini watoto walimcheka kwa lafudhi yake. Sasa alikuwa wa kwanza darasani na Mwanakheir wa pili, na jambo hilo lilimchoma Mwanakheir kuliko alivyotaka kukiri.

Siku hiyo walikuwa na fomu za kuombea nafasi katika chuo cha ualimu. Swali la mwisho liliuliza: "Kwa nini unataka kuwa mwalimu? Maneno yasizidi arobaini." Mwalimu wao, Bi Time, alikwisha kuwaonya kwamba fomu itakayozidisha haitasomwa.

Tangu jana Mwanakheir alikuwa akiandika na kufuta kwenye karatasi ya kujaribia. Baba yake alisifika mtaani kwa kuwaandikia watu barua, naye Mwanakheir alijifunza kwake kuanza na salamu, dua na kuulizia hali. Kila akianza hivyo, maneno arobaini yalikwisha kabla hajafika kwenye ualimu.

"Mimi nshamaliza," alisema Mwanapili, akasoma: "Kijijini kwetu Tumbatu wanawake wengi hawajui kusoma. Barua za waume zao walio safarini husomwa na watu wengine, siri zao zikajulikana. Nataka niwafundishe wasome wenyewe." Akaongeza: "Maneno ishirini na manne tu."

Lilikuwa jibu zuri, na Mwanakheir alijua hivyo, akaona wivu.

"Mbona hukuweka salamu?" aliuliza. "Wale wa chuoni watu wakubwa. Watasema huyu wa shamba hana adabu."

Mwanapili alimwamini, maana mji ni wa mwenzake. Akachovya kalamu, akaongeza salamu na dua juu ya jibu lake, wala hakuhesabu tena.

Asubuhi yake, skuli, Bi Time alizipitia fomu.

"Maneno hamsini na moja," alisema. "Mwanapili, nani kakwambia uweke salamu?"

Mwanapili aliinama. Mwanakheir alifurahi, lakini kidogo tu. Alipomwona mwenzake amebana midomo asimtaje, aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi, mwalimu," alisema. "Nlijua yatazidi. Nlimwonea wivu."

Bi Time alichukua rula, akazikata salamu zote kwa mstari, akatia saini yake pembeni ili wasomaji wajue ni masahihisho ya mwalimu.

"Na fomu yako wewe iko wapi?"

"Sijaandika kitu, mwalimu. Salamu zinanimalizia maneno."

"Salamu ni za barua. Hapa umeulizwa, basi jibu. Jana akili yako yote umeitumia kumharibia mwenzio, na fomu yako bado nyeupe. Ndivyo wivu ulivyo, mwanangu. Unakushughulisha na karatasi ya mtu, yako ikabaki tupu. Mtake radhi, kisha kaa uandike. Fomu zinaondoka adhuhuri."

Mwanakheir alimtaka radhi, na Mwanapili akamsogelea kwenye benchi amsaidie kuhesabu. Mwanakheir alichovya kalamu, na safari hii neno lake la kwanza lilikuwa "Nataka".