Kanyere Amtafutia Ndugu Yake Mchumba

Kanyere na ndugu yake Delphin walizoea kuanika kakao mbele ya nyumba yao, Mulekera, mjini Beni. Delphin alipozaliwa, watu walisema ni msichana. Lakini tangu utoto alijijua kuwa mwanaume. Kwa Kifaransa mtu kama yeye huitwa transgenre. Nyumbani walikwisha kumzoea. Alikuwa Delphin tu, fundi wa pikipiki, mcheshi kuliko wote.

Siku moja Kanyere alirudi kutoka Butembo akicheka peke yake.

— Delphin, nimekupatia bibi wa kuoa! Anaitwa Nadège. Nimemuelezea yote juu ya mwili wako. Amekubali kukuvumilia.

Delphin akaweka spana yake chini.

— Yaya, dada yangu, ile siri ilikuwa yangu. Ni mimi wa kuisema. Na unaniletea mutu wa kunivumilia kama homa?

Siku tatu hakumsemesha dada yake.

Kanyere akamwendea jirani, Mama Orpa, muuguzi aliyemjua Delphin tangu kuzaliwa, akamweleza yaliyotokea.

— Mama Orpa, nimekosa wapi?

— Ulimuuliza anatafuta mutu wa namna gani?

— Hapana. Nilizania mutu kama yeye hawezi kuchagua.

— Eh, Kanyere! Wewe ulipochagua bwana yako, ulitafuta nini?

— Mutu wa kunichekesha. Mutu wa kuniheshimu.

— Bon. Yeye pia ni vile. Kila mutu iko na yake. Lakini anatafuta tena mutu mwenye hatamuficha, mwenye atamuita jina lake mbele ya batu. Na siri yake, wee usiitoe. Inaweza kumuletea hatari.

Kanyere akampigia Nadège simu, akamsihi asimwambie mtu yeyote. Kisha akamwomba Delphin msamaha.

— Sasa niambie, ndugu yangu. Unapenda mutu wa namna gani?

Delphin akaona haya.

— Mutu wa kunisikiliza. Mwenye anajua kucheka. Na… nimeisha kumupata, Yaya. Ni Rébecca, anauza samaki ya chumvi pale soko. Nilimuambia mwenyewe. Aliniuliza tu kama nakula pilipili!

Kanyere alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Jumapili Rébecca alikuja mchana kweupe, kitenge kipya kiunoni. Jirani mwingine akaita kutoka barabarani:

— Mugeni ni nani leo?

Kanyere akafungua mdomo ajibu. Kisha akaufunga.

— Ni mie, muchumba wa Delphin, akasema Rébecca kwa sauti. Karibu tukule!